Ezana wa Aksum: mfalme aliyeandika pesa yake kwa lugha ya wageni

Peleka noti ya dola yenye mpasuko mdogo kwa wabadilishaji pesa wa Birere. Mbadilishaji ataigeuza, ataiinua kwenye mwanga, atapitisha kidole pembeni, kisha atakurudishia bila maneno mengi. Hakusoma Kiingereza kilichoandikwa juu yake, na pengine hakijui. Alisoma sura ya noti, na sura hiyo haikumridhisha. Pesa ya wageni tunaishika kila siku na tunaitambua haraka, lakini maneno yake hayakuandikwa kwa ajili yetu.

Jambo hilo si geni upande huu wa Afrika. Karibu miaka 1,700 iliyopita alikuwapo mfalme Mwafrika aliyetengeneza pesa yake mwenyewe, kwa dhahabu yake mwenyewe, kisha akaiandika kwa Kigiriki. Jina lake Ezana, na mji wake Aksum. Katika kitivo cha lugha, ambako hatuchoki kubishana kama tuandike kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, maisha ya mtu huyu yanafaa kusimuliwa.

Ufalme wa Aksum ulikaa kwenye nyanda za juu ambazo leo ni kaskazini mwa Ethiopia na sehemu ya Eritrea. Mlango wake wa baharini ulikuwa Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kobe vilitoka hapo. Nguo, divai, mafuta na vyombo vya chuma viliingia. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliyetumia Kigiriki aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia katika njia hiyo. Kitabu hicho hicho kinaitaja Adulis, kisha kinashuka kusini hadi Rhapta, mji wa soko katika pwani ambayo sasa ni ya Waswahili. Kuhusu mfalme wa eneo la Adulis, aliyeitwa Zoskales, mwandishi anaeleza kwamba alikuwa mtu mwangalifu sana na mali yake, na kwamba alijua kusoma na kuandika Kigiriki.

Hilo tulishike vizuri. Hakuna jeshi la Wagiriki lililoiteka Aksum, wala gavana Mgiriki aliyekaa pale. Kigiriki kilipanda mlima kutoka bandarini pamoja na mizigo, kama Kiswahili kilivyofika Maniema na Kivu kwa misafara kabla ya kuingia darasani. Kilikuwa lugha ya mapatano kati ya watu wasioelewana kwa lugha za nyumbani. Lugha ya nyumbani ya Aksum ilikuwa Kige'ez.

Sarafu za kwanza za Aksum zilitolewa na mfalme Endybis mwishoni mwa karne ya 3. Katika dunia ya wakati ule, watawala waliotoa sarafu za dhahabu walihesabika kwa vidole: Roma, Uajemi, wafalme wa Kushana upande wa India, na huyu wa Aksum. Uzito wa dhahabu yake ulipimwa kwa kufuata mizani ya Kirumi. Sura ya mfalme ilichongwa kwa upande, kama sura za makaisari. Maneno ya kuizunguka yalikuwa ya Kigiriki.

Kuiga pesa ya mwenye nguvu ilikuwa desturi ya zamani tayari. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Waarabu wa kusini walikuwa wameiga sarafu za Athens zenye bundi karne nyingi kabla ya Endybis. Huko Ulaya, Wakelti wa nchi ambazo leo ni Ufaransa na Ubelgiji walizijua sarafu za dhahabu za Filipo wa Makedonia, baba yake Aleksanda, na askari wao wa kukodiwa walilipwa kwa pesa za Wagiriki. Wakaanza kutengeneza za kwao kwa kuiga. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mungu Apollo, upande wa pili gari la kukokotwa na farasi, na chini yake jina la Filipo. Baada ya vizazi kadhaa gari lilipotea akabaki farasi mmoja, nywele za Apollo zikageuka mawimbi yanayoujaza uso wote, na jina la Filipo likawa mikwaruzo tu. Mafundi wale walikuwa hodari, na sarafu zao zina uzuri wake. Lakini maneno ya Kigiriki yalikuwa yamekufa mikononi mwao, maana wengi waliyachora bila kuyasoma.

Aksum ilianza tofauti. Ilichukua umbo la Roma, ikachukua maandishi ya Kigiriki, lakini waliochukua walijua wanachoandika. Tofauti hiyo ndiyo inayoonekana katika maisha ya Ezana.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 4, mwana wa mfalme Ella Amida. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akashika utawala kwa niaba yake. Mwanahistoria wa Kanisa Rufinus anasimulia kwamba ndani ya nyumba ya mfalme walikuwapo vijana wawili ndugu kutoka Tyre, mji wa pwani ya Lebanoni: Frumentius na Aedesius. Walikuwa wakisafiri na mwalimu wao. Meli yao iliposimama kwenye pwani ya Bahari ya Shamu kutafuta maji, wenyeji waliwavamia na kuwaua wote, ila vijana hao wawili. Wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake, na Frumentius, aliyeonekana kuwa na akili ya hesabu na barua, akakabidhiwa hazina na maandishi ya ufalme.

Mfalme alipokufa, vijana hao walipewa uhuru wa kurudi kwao. Mjane aliwasihi wabaki wamsaidie mpaka mtoto akue. Wakabaki. Kwa hiyo Ezana alikua katika nyumba ambamo mtunza hazina, yaani mtu wa kuhesabu dhahabu, alikuwa pia msomi wa Kigiriki. Alikuwa pia Mkristo, na taratibu aliwakusanya wafanyabiashara Wakristo waliopita Aksum wapate mahali pa kusali.

Ezana aliposhika utawala mwenyewe, aliendelea na sarafu za wale waliomtangulia. Tuitazame moja ya dhahabu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja mfalme amevaa taji. Upande wa pili amefunga kitambaa kichwani kama wazee wa kwao. Kushoto na kulia kwake yamesimama masuke mawili ya nafaka, na hayo hayakutoka Roma. Ni ya mashamba ya nyanda za juu. Juu ya kichwa kuna mwezi mchanga na duara, alama za dini ya zamani ya Uarabuni kusini na Aksum. Roma ilitoa uzito na umbo, na Aksum ikatoa kitambaa, masuke na mwezi.

Kisha yaje maandishi. Herufi ni za Kigiriki, na neno la kumtaja mfalme ni la Kigiriki pia. Lakini ukiendelea kuizunguka sarafu unakutana na neno bisi, na Mgiriki wa Alexandria angekwama hapo. Bisi si Kigiriki. Ni Kige'ez, lenye maana ya mtu wa kundi au ukoo fulani, na linafuatwa na jina la ukoo wenyewe. Kila mfalme alikuwa na bisi yake. Ya Ezana ilikuwa Halen. Kwa mnunuzi wa ng'ambo, sarafu ilisema kwamba huyu ni mfalme na dhahabu yake ni halali. Kwa mtu wa Aksum, iliongeza anatoka kwa nani. Cheo kilitafsiriwa, lakini ukoo haukutafsiriwa, kwa kuwa hakuna neno la kigeni ambalo lingeubeba.

Ujuzi huo huo wa kupima msomaji unaonekana zaidi kwenye mawe. Mapema katika utawala wake, Wabeja wa kaskazini waliasi. Ezana aliwatuma ndugu zake wawili, Saizana na Hadefan, kupigana nao. Walirudi na wakuu sita wa Wabeja pamoja na watu wao, zaidi ya 4,000, wanaume kwa wanawake na watoto, na makundi ya ng'ombe na kondoo. Mfalme aliwalisha na kuwavisha, kisha akawahamishia nchi nyingine mbali na kwao. Habari hizi alizichonga kwenye jiwe mara tatu.

Mara ya kwanza kwa Kigiriki. Mara ya pili kwa Kige'ez. Mara ya tatu lugha ni Kige'ez tena, lakini herufi ni zile za Uarabuni kusini, zinazokwenda kutoka kulia kwenda kushoto, na mwishoni mwa maneno mengi mchongaji ameongeza sauti ya m ili yafanane na lugha ya Wasabaea. Ni kama mtu wa Goma anayeandika Kiswahili chake na kukivalisha viishio vya Kilatini ili kionekane cha kale na cha heshima. Ezana alijiita pia mfalme wa Saba na Himyar ng'ambo ya bahari, na maandishi hayo yaliubeba mdai wake. Jiwe hilo bado liko Aksum, na katika miaka ya 1980 wakulima waligundua nakala nyingine ya maneno hayo ardhini.

Wanafunzi wa tafsiri watazame jambo moja katika jiwe hilo. Kwa Kige'ez, Ezana anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita wa wafalme wa Aksum. Kwa Kigiriki, pale pale panapotakiwa Mahrem, pameandikwa Ares, mungu wa vita wa Wagiriki. Mtafsiri hakuandika jina la Mahrem kwa herufi za Kigiriki, ingawa kwenye sarafu neno bisi liliachwa hivyo. Alitafuta mwenzake upande wa pili. Kwa hiyo msomaji wa Kigiriki alielewa mara moja ukubwa wa madai hayo, lakini hakuwahi kujua kwamba kuna mungu anayeitwa Mahrem. Faida na hasara zimekaa katika neno moja.

Kisha mambo yakabadilika. Aedesius alirudi Tyre. Frumentius alikwenda Alexandria kumwomba Athanasius, askofu mkuu aliyeshika kiti hicho tangu mwaka 328, apeleke askofu Aksum. Athanasius akaona hakuna anayefaa kuliko mwombaji mwenyewe, akamweka wakfu na kumrudisha. Wahabeshi wanamkumbuka mpaka leo kwa jina la Abba Salama, mfunuaji wa nuru. Ezana akabatizwa.

Mabadiliko hayo tunayaona kwenye pesa. Mwezi na duara viliondolewa, msalaba ukawekwa. Sarafu za Ezana ni kati ya za kwanza duniani kuubeba msalaba waziwazi kama alama ya ufalme, wakati hata sarafu za Konstantino, kaisari aliyeipa dini hiyo uhuru mwaka 313, ziliutumia kwa haya. Katika utawala huo huo uzito wa dhahabu ya Aksum ulipunguzwa ili ulingane na mizani mpya ya Konstantino, ambaye sarafu zake 72 zilitoka katika ratili moja ya dhahabu. Mfalme alibadilisha imani na kurekebisha mizani, na pesa yake ikaendelea kupokelewa.

Kwenye mawe alikwenda kwa hatua za kupimwa. Baadaye alipigana na Wanoba na watu wa Kasu, katika nchi ya Meroe kando ya Nili. Katika maandishi ya Kige'ez ya vita hivyo, anamshukuru Bwana wa Mbingu, jina ambalo Mkristo angelikubali na asiye Mkristo asingelikataa. Katika jiwe la Kigiriki la wakati huo, anamtaja Kristo kwa jina, pamoja na Baba na Roho Mtakatifu. Wasomaji wa Kigiriki walikuwa Wakristo wenzake wa ng'ambo, na kwao alikiri yote. Wasomaji wa Kige'ez walikuwa raia waliomwabudu Mahrem jana tu, na kwao alisema kiasi walichoweza kukibeba. Mtu anaweza kuiita hiyo hekima, mwingine akaiita hofu. Vyovyote iwavyo, aliyeandika alijua kabisa nani atasoma nini.

Tusimfanye malaika. Mawe hayo hayo yanahesabu waliouawa na waliotekwa, miji iliyochomwa, akiba za chakula zilizoharibiwa na watu waliozama mtoni wakikimbia. Sisi wa Kivu tunajua maana ya kuhamishwa kwa nguvu, hata kama aliyehamisha anajisifu kwamba aligawa chakula njiani. Wakuu sita wa Wabeja hawakuachiwa jiwe la kueleza upande wao.

Lakini katika wakati wa Ezana lilitokea jambo lililodumu kuliko vita vyake vyote. Herufi za Kige'ez, kama zile za Uarabuni zilizozizaa, zilikuwa zikiandika konsonanti peke yake. Msomaji alijaza irabu kwa kichwa chake. Anayejua hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anafahamu taabu hiyo, ambapo e na i hukaa katika alama moja, o na u vilevile. Maandishi ya Ezana ya vita vya Wanoba ni kati ya ya kwanza ambayo kila herufi imepewa kitanzi, mguu au mkato mdogo unaoonyesha irabu yake. Konsonanti 26, kila moja kwa sura saba: mtoto anajifunza kama sisi tulivyojifunza ba, be, bi, bo, bu. Mfalme aliyeandika dhahabu yake kwa Kigiriki ndiye ambaye chini yake lugha ya nyumbani ilipata irabu zake.

Karibu mwaka 356 kaisari Constantius II, mwana wa Konstantino, aliwaandikia barua Ezana na ndugu yake Saizana. Kaisari alikuwa amegombana na Athanasius kuhusu asili ya Kristo na kumfukuza Alexandria. Alitaka Frumentius arudishwe huko akachunguzwe imani yake na askofu mpya. Athanasius alihifadhi barua hiyo katika utetezi wake, ndiyo maana tunaijua. Frumentius hakupelekwa. Kanisa la Aksum lilibaki upande wa Athanasius. Ezana aliyechukua uzito, umbo, herufi na msalaba kutoka dunia ya Kirumi hakuona kwamba kwa sababu hiyo anawiwa utii.

Alifariki katika nusu ya pili ya karne ya 4. Mjini Aksum umesimama mnara wa jiwe moja, wenye urefu wa karibu mita 21, unaoitwa kwa jina lake.

Sarafu ziliendelea baada yake kwa zaidi ya miaka 200. Zile za dhahabu, za biashara ya ng'ambo, zilishikilia Kigiriki. Zile za fedha na shaba, za sokoni nyumbani, zilihamia Kige'ez hatua kwa hatua. Mfalme mmoja wa baadaye, ambaye jina lake limeandikwa kwa konsonanti tu, MHDYS, alichukua kaulimbiu ya Konstantino kuhusu ushindi kwa msalaba, akaitafsiri kwa Kige'ez na kuiweka kwenye shaba, pesa ya watu wa kawaida. Hapo Aksum ilikuwa bado inaiga, lakini iliiga maana.

Dhahabu ilipata mkasa mwingine. Kadiri miaka ilivyopita, Kigiriki chake kiliharibika. Herufi zilirukwa, nyingine zikageuzwa, maneno yakakatika katikati. Waliochonga walikuwa wameacha kusoma; walinakili mikono ya waliowatangulia, kama Wakelti na jina la Filipo. Mwanzoni mwa karne ya 7 utoaji wa sarafu ulikoma kabisa. Kige'ez kilichoandikwa kwa irabu kinasomwa mpaka leo katika makanisa ya Ethiopia na Eritrea, na herufi zake ndizo zinazoandika Kiamhara na Kitigrinya.

Tunaposema kwamba kuandika kwa Kifaransa ni utumwa, au kwamba kuandika kwa Kiswahili ni kujifungia ndani, Ezana anatujibu kwa kazi yake. Alitumia lugha ya wageni pale msomaji alipokuwa mgeni, na akaitumia akiielewa. Ukoo wake hakuutafsiri. Lugha ya nyumbani hakuiacha bila irabu. Kuiga hakukumpunguzia kitu. Kilichowaangusha waliomfuata ni kuendelea kuchora herufi ambazo hakuna tena aliyezisoma. Basi kila mmoja wetu na ajiulize anapokabidhi kazi ya mwisho wa mwaka, katika lugha yoyote ile, kama ameandika au amechora.